Kuogelea Tanga: Raskazone, Sahare, Mwambani au uvute mpaka Ushongo? Tulinganishe maji, sio mchanga

Kila ikikaribia Idi au Pasaka watu wanaokuja Tanga huniuliza bichi ipi nzuri, na nikiwauliza nzuri kivipi wanaanza na mchanga. Mweupe? Kuna minazi? Kuna mziki na chipsi? Sawa, hayo yana nafasi yake, ila kama unakuja na watoto ambao baharini wanaogelea nusu na kunywa nusu, swali la kwanza liwe maji yenyewe yamepita wapi kabla hayajakufikia hapo ulipo. Tanga ukiitazama kwa swali hilo kuchagua kunakuwa rahisi, na utaona kumbe sehemu ile ile unaweza kuiogelea kwa raha wiki hii na wiki ijayo ukaikimbia.

Kwanza tuelewane uchafu wenyewe ni upi, maana watu wanachanganya. Kuna takataka za kuonekana, chupa za maji, pampasi, vipande vya nyavu (mifuko ya plastiki imepungua sana toka ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, sasa hivi chupa ndo zinatawala). Kuna udongo wa mito unaogeuza maji kuwa kahawia. Halafu kuna kile usichokiona, vijidudu vya kinyesi cha watu na cha mifugo, vinavyoletwa na mitaro, vyoo vilivyo karibu na maji na wale ndugu zetu wanaojisaidia ufukweni alfajiri. Hiki cha tatu ndo kinachokupa kuharisha, sikio kuuma, macho mekundu. Huko Ulaya msimu wa kuogelea wanachota sampuli za maji na kuhesabu E. coli na enterokokasi, yaani bakteria wanaoonyesha kuwa maji yana kinyesi, na maji ya bahari ili yapewe daraja la juu kabisa enterokokasi zisizidi 100 ndani ya mililita 100 na E. coli zisizidi 250, ikifika 200 na 500 bado yanaitwa mazuri, halafu matokeo wanabandika pale pale ufukweni kila mtu asome. Sisi kibao hicho hatuna, kwa hiyo maji unayasoma mwenyewe, na kuyasoma sio kuangalia rangi tu, maana maji meupe pee yanaweza kuwa yametoka mtaroni saa moja iliyopita, na maji yaliyochafuka yakawa ni mchanga tu umevurugwa na upepo wa kusi.

Sasa ramani. Mji wa Tanga umekaa ukingoni mwa ghuba iliyojifunga kama beseni, katikati kuna kisiwa cha Toten, upande wa mji kuna bandari, ng'ambo kule kaskazini ni Chongoleani linapoishia bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, lile la kilomita 1,443. Na humu humu ghubani ndo mito inamwaga maji yake, Zigi unaoteremka kutoka Usambara Mashariki na Mkulumuzi unaopita kule kwenye mapango ya Amboni. Zigi ndo huo huo unaojaza bwawa la Mabayani tunapopata maji ya kunywa, kwa hiyo hatuna ugomvi nao, ila mvua zikipiga huko milimani unashuka na udongo wa mashamba na kila kilichoachwa njiani, na ghuba ikishakuwa kahawia inachukua siku kadhaa kurudi rangi yake kwa sababu maji hayana pa kukimbilia isipokuwa mlangoni. Mitaro ya mvua ya mjini nayo inaelekea huko huko, itaelekea wapi tena.

Raskazone iko kwenye rasi karibu na mlango wa ghuba, ukipita Bombo hospitali unaendelea mbele. Hapa ndo watu wa mjini wanapoogelea toka zamani, kuna klabu ya kuogelea unalipa kiingilio kidogo, unapata pa kubadilishia nguo, bomba la kusuuza chumvi na chakula, na ukiwa mgeni hii ya bomba usiidharau, maana kusuuza mwili na masikio kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, ukitoka ni nusu ya kinga. (Wapenda historia, ni maeneo haya haya jeshi la Waingereza lilipojaribu kushuka Novemba 1914 likafurushwa na Wajerumani na askari wao, na nyuki nao wakachangia. Wengine walioga kwa lazima.) Kwa upande wa maji, Raskazone ina faida ya kuwa karibu na bahari kubwa kuliko fukwe za ndani kule bandarini, na ina hasara kwamba kila kitu cha ghubani kikitaka kutoka lazima kipite mbele yake.

Kwa sababu hiyo Raskazone usiniulize siku, niulize maji yanajaa au yanakupwa. Maji yakiwa yanajaa, bahari kubwa ndo inaingia, unapata maji mapya, ya kijani safi, unaona vidole vyako vya miguu. Maji yakianza kukupwa, yale ya ndani, ya mitoni na mitaroni na bandarini, yanatoka na wewe uko njiani. Tofauti yake hapa kwetu sio ndogo, bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Na uzuri wa pwani yetu ni kwamba bamvua ina saa zake zinazojulikana: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanajaa kama saa kumi alasiri na yanakupwa kama saa nne asubuhi, halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Wiki ya katikati, maji mafu, inakuwa kinyume, yamejaa saa nne asubuhi ila hayajai kivile. Kwa hiyo Raskazone wiki ya bamvua nenda saa nane mchana, uogelee mpaka saa kumi na robo, utoke ukale. Wiki ya maji mafu nenda asubuhi. Wageni wengi wanafanya kinyume, wanakuja saa kumi na moja jua likiwa limepoa, wanaingia maji ndo yameanza kurudi, halafu wanasema Tanga maji machafu.

Mzee mmoja mvuvi pale nilimsalimia shikamoo babu, nikamuuliza maji vipi leo, akaniambia "marahaba mwanangu, leo yanasafiri, ngoja yarudi." Ndo hivyo tu, hakuongeza neno.

Bandari watu wanaiogopa sana. Zamani meli kubwa zilikuwa zinakaa nje huko na mizigo inaletwa kwa matishari, sasa hivi wamechimba mpaka mita 13 na meli zinafunga gatini, kwa hiyo msongamano umeongezeka. Kwa kuogelea, kitu cha kuangalia ni utando wa mafuta juu ya maji, zile rangi rangi zinazong'aa juani. Ukiuona usiingie, hautoki mwilini kwa sabuni ya kipande, na mtoto akimeza ni shida nyingine. Ila kiukweli kwa Raskazone mto na mvua vinanipa wasiwasi zaidi ya meli.

Sahare nitapita haraka. Iko upande wa mashariki wa mji, kuna mikoko, matope laini na mwalo wa wavuvi, maji yakikupwa unabaki unaangalia vyombo vimelala ubavu. Mikoko sio uchafu, hilo niseme kabisa, yale matope yananuka kwa sababu majani yanaoza bila hewa, na mikoko yenyewe ndo inayokamata udongo usifike kwenye matumbawe. Lakini mwalo ni mwalo. Samaki wanaparuliwa pale, matumbo yanatupwa pale, mafuta ya mashine ya boti yanadondoka pale, na miguuni kuna ndoano na mifupa. Nenda Sahare asubuhi ukanunue changu na pweza, ukaogelee kwingine. Wanaokwambia wao wameogelea Sahare toka utotoni na hawajafa wanasema kweli, miili yao imezoea, ya mwanao wa Dodoma haijazoea.

Mwambani ndo pananipa kazi ya kupaelezea, kwa sababu napapenda na najua wengine watarudi wamenuna. Iko kusini nje ya mji, unashika barabara ya Pangani unaacha lami unaingia kushoto kuelekea baharini. Ghuba yake haina mto wa kufananisha na Zigi, haina mji mzima juu yake, na inaangalia bahari ambayo mbele imekingwa na visiwa vya Yambe na Karange. Kuna wakati palikuwa panatajwa tajwa pajengwe bandari mpya, kina chake kinafaa, ila mpaka leo ni vijiji, minazi na wavuvi. Kwa vijidudu vile visivyoonekana, kati ya sehemu unazoweza kufika kwa bajaji kutoka mjini, mimi hapa ndo napaamini zaidi, kwa sababu rahisi tu kwamba wa kuvileta ni wachache.

Hasara zake sasa. Maji yakikupwa yanaenda mbali, unabaki na mawe, majani ya bahari na wale wadudu weusi wenye miiba mirefu ambao ukimkanyaga mmoja likizo imeisha, kwa hiyo viatu vya plastiki ni lazima, vile vya kuogea bafuni vinachomoka tu. Kuna misimu majani na mwani vinarundikana ufukweni vinanuka kama mayai viza, watu wanafunga pua wanasema choo, hapana, ni majani yanaoza. Namna ya kutofautisha: harufu ya majani inatoka kwenye rundo lenyewe na ukisogea mbali inaisha, harufu ya maji taka inafuata mkondo, utakuta mfereji mdogo unaoteremka hata siku ya jua kali ambayo haikunyesha. Mfereji unaotiririka wakati wa kiangazi ndo dalili mbaya kuliko zote, popote utakapouona, Tanga au Dar au Mombasa, sogea mbali upande maji yanakotoka, sio yanakoelekea. Mwambani pia hakuna mtu wa kukuangalia, hakuna bomba, hakuna choo cha maana, beba maji ya kusuuza kwenye dumu. Na hiyo ya choo ndo inayoweza kupaharibu kesho na keshokutwa, maana Idi watu mia mbili wakija bila choo unajua wanaenda wapi. Siku ya pili ya sikukuu mimi siogelei Mwambani.

Kuna wenye hela kidogo watauliza Toten au michanga ya nje huko kwa boti. Toten ni pazuri kwa magofu na makaburi ya zamani, kwa maji bado uko ndani ya beseni lile lile. Ukikodi boti bora iende nje ya mlango. Na mtu asikwambie kwa kuwa ghuba na pwani yote hii imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009 basi maji yamepimwa, hifadhi ile ni kwa ajili ya samaki wa kale anayekaa kina kirefu huko gizani, matumbawe na mikoko, na imesaidia, lakini haizuii mtaro wa mtu.

Sasa Ushongo, hii ni kwa wenye siku mbili, sio waja leo waondoka leo. Unaenda mpaka Pangani, kilomita kama 50, unavuka mto, unaendelea kusini kama kilomita 16. Watu wengi wanashangaa ninavyosema Ushongo ni safi wakati mto Pangani uko pale pale, tena ule ni mto mkubwa unaotoka Kilimanjaro na Meru ukapita mashamba ya mpunga, miwa na mkonge, na mdomoni pale mjini Pangani maji ni kahawia mwaka mzima karibu. Jibu liko kwenye mkondo. Mkondo wa pwani yetu unasukuma kuelekea kaskazini, na wakati wa kusi ndo unakaza zaidi, kwa hiyo maji ya mto mara nyingi yanapelekwa upande wa Tanga, na Ushongo iliyo kusini ya mdomo inabaki na maji ya bahari. Wakati wa kaskazi mkondo unalegea, upepo unasukuma upande wa pili, ukiona mstari wa maji ya kahawia unasogea huku basi siku hiyo chukua boti ya Maziwe. Maziwe kile kisiwa zamani kilikuwa na mivinje, leo ni mchanga mtupu, bamvua kikijaa kinazama kabisa, kwa hiyo ratiba ni ya nahodha sio yako, na hifadhi wana kiingilio chao. Kwa maji tu, hapa hakuna mpinzani kwenye orodha yangu yote. Ila kwa familia ya watu sita, nauli, boti, kiingilio na chakula vinaweza kula pesa ya Raskazone ya mwaka.

Pangani mjini penyewe, mdomoni, msiogelee, sio kwa uchafu tu, mkondo wa mto ukikutana na maji yanayokupwa unakuvuta nje. Na swali la kichocho linakuja kila mara: baharini kichocho hakuna, konokono wake wanaishi maji baridi, kwa hiyo ukiogopa kichocho ogopa mtoni na madimbwini, sio kwenye chumvi.

Walioko Dar wataniuliza mbona tusiishie Bagamoyo, ni karibu. Kwa historia na kwa samaki wa kukaanga nendeni, Bagamoyo haina wa kuilinganisha nayo. Kwa maji, ufukwe wa mji mkongwe uko jirani na soko la samaki na mwalo, yaleyale ya Sahare, na kaskazini yake kuna mdomo wa Mto Ruvu unaoteremka na udongo mwingi sana wakati wa mvua. Pwani yake ni bapa, maji yakikupwa unatembea mpaka unachoka hujafika magotini. Ukiwa huko kipindi cha kusi, kiangazi, maji yamejaa, sogea kusini mbali na soko, utaogelea vizuri tu. Ila kuendesha kutoka Dar kwa ajili ya maji tu, siendi.

Msimu: Januari na Februari mimi ndo nazipenda, kaskazi, jua kali, mvua hakuna, na jua pamoja na chumvi vinaua vijidudu vingi kwa masaa machache. Tangambili, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, bahari ikiwa shwari pia poa. Masika, Machi mpaka Mei, ghuba ya Tanga naiacha, na mvua kubwa yoyote ikipiga hesabu siku 2 mpaka 3 za jua ndo uingie, hata kama rangi imerudi. Kipindupindu kikitangazwa mjini acha kabisa fukwe za ghubani. Ukiwa na kidonda kibichi kaa juu, usidanganywe kwamba chumvi inaponya.

Kwa hiyo mtu akinipigia simu yuko stendi ndo anashuka, namuuliza mvua ilinyesha lini na mwezi ukoje. Kiangazi na ana nusu siku, Raskazone maji yakijaa, asuuze watoto masikio, basi. Ana watoto wadogo na siku nzima, Mwambani na viatu na dumu la maji, tena maji yakiwa nusu kujaa ndo patamu kwa watoto, hayajafika kifuani na mawe yamefunikwa. Ana hela na siku mbili, Ushongo. Mvua ilipiga jana, anunue machungwa ya Muheza akodi baiskeli azunguke mji, Tanga kwa baiskeli ni raha yake peke yake, bahari ataikuta keshokutwa.

Na wa Mwambani, dereva wa bajaji kubaliana naye kabisa saa ya kukurudia na umlipe nusu tu kwanza, jioni kule usafiri ni wa kubahatisha na mtandao unasuasua.